Mwalimu wa Watu Watano

Tarehe 24 Januari 2016, mjini Denver, mchezaji aliyeongoza New England Patriots kwa yadi za mbio alikuwa Tom Brady. Alikimbia yadi 13. Brady alikuwa kotabeki, mtu wa kusimama nyuma na kurusha mpira. Wakati ule alikuwa na miaka 38, na hata ujanani hakuna aliyewahi kuisifia miguu yake. Ni kama timu ya soka imalize mashindano kipa akiwa ndiye mfungaji wake bora. Timu nzima siku hiyo ilipata yadi 44 za mbio, Brady akagongwa mara 20, akaangushwa mara nne mpira ukiwa bado mikononi, na Denver Broncos wakashinda 20 kwa 18 na kufuzu kwenda Super Bowl, fainali ya ligi.

Ikishakuwa hivyo lazima atafutwe wa kubebeshwa lawama, na katika futiboli ya Kimarekani hakosekani, maana kila timu ina makocha wasaidizi zaidi ya kumi. Yupo mratibu wa mashambulizi, anayechagua kila jaribio litakavyochezwa, kukimbia na mpira au kuurusha. Yupo kocha wa wabeba mpira. Yupo kocha wa mstari, yaani wa wale watu watano wakubwa wanaosimama mbele na kufungua njia. Kabla ya wiki kwisha, kocha wa mstari, Dave DeGuglielmo, alikuwa amefungashiwa virago. Msimu mmoja tu nyuma yake alikuwa amevaa pete ya ubingwa kwa kazi ile ile, katika timu ile ile.

Nafasi yake akarudishiwa mzee aliyekuwa ameiacha miaka miwili kabla, Dante Scarnecchia, ambaye Februari hiyo alitimiza miaka 68. Patriots wakatwaa ubingwa msimu uliofuata. Tangu hapo habari hii husimuliwa kama kesi iliyokwisha kuhukumiwa: mwenye kosa aliondoka, fundi akarudi, mambo yakanyooka. Mimi nadhani hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Lakini ina faida moja, kwamba inamvuta mtu kuitazama kazi ya kocha wa mstari, kazi ambayo watazamaji wengi hawaioni kabisa kwa sababu macho yao yanaufuata mpira.

Watu watano hao wana majina ya nafasi zao. Katikati yupo senta, ndiye anayeinama na kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kila upande wake yupo gadi, na nje ya kila gadi yupo takeli. Uzito wao unazunguka kilo 140. Hawarushi mpira, kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi, na wakimkumbatia mpinzani timu inarudishwa nyuma yadi 10. Kazi waliyoachiwa ni kumsukuma au kumzuia mtu mwingine wa ukubwa huo kwa sekunde chache, kisha wainuke, wajipange, waanze tena, mara 60 na zaidi katika mechi moja.

Anayeijua skramu ya raga, kama wanavyoijua mashabiki wengi wa Nairobi, ataona undugu fulani. Tofauti ni kwamba skramu hufungwa kwanza: watu wanashikana, wanaegemeana, ndipo wanasukumana. Huku hakuna kushikana. Kila mtu anatoka kivyake kutoka katika utulivu kamili, na mara nyingi yule anayepaswa kumsukuma hajulikani mpaka mpira uwe umeshatoka.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, na inafaa kupatazama polepole.

Tuseme mbio zinaelekezwa kulia. Kati ya gadi wa kulia na takeli wa kulia amesimama mlinzi mmoja mzito kuliko wote wawili. Yadi nne nyuma yake yupo lainibeka, mlinzi mwepesi zaidi, mwenye macho makali, ambaye kazi yake ni kuisoma njia na kuiziba. Kwa hiyo gadi na takeli wana watu wawili wa kuwaondoa, ila yule wa kwanza hahamishiki na mtu mmoja. Wanamwendea pamoja. Nyonga ya gadi inagusana na nyonga ya takeli ili asipenye katikati, na wanamsukuma nyuma kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Wakati huohuo hawamtazami. Huyo wanamsikia kwa viganja na mabega. Macho yao yote manne yapo kwa lainibeka.

Lainibeka akikatiza kwa ndani, gadi ndiye anayemwachia takeli mzigo na kumvaa yule wa nyuma. Akizungukia nje, takeli ndiye anayetoka na gadi anabaki. Hawaambiani, hawapeani ishara, na kabla ya mpira kutoka hakuna kati yao anayejua ni nani atakayeondoka. Anayeondoka mapema anamwachia mwenzake mtu ambaye bado hajaondolewa njiani, na mtu huyo atamshinda. Anayechelewa atamkuta lainibeka ameshajaa kwenye njia. Baina ya mapema na kuchelewa kuna muda usiofika sekunde moja.

Na mbeba mpira naye ana sehemu yake. Inampasa akimbie moja kwa moja kuelekea migongo ya wenzake, kana kwamba haoni kwamba hakuna njia, ili lainibeka ashawishike kujitupa upande mmoja. Akikata kona hatua moja kabla ya wakati, lainibeka hajashawishika, na kazi yote ya gadi na takeli imeharibika ingawa waliifanya sawasawa. Televisheni itaonyesha rundo la watu na mpira umesonga yadi moja. Mtangazaji atasema mstari umeshindwa kufungua njia.

Ndiyo maana kocha wa mstari hulala ofisini na video. Kamera inayomfaa yeye ni ile ya nyuma ya goli, ambayo watazamaji wa nyumbani hawaonyeshwi mara nyingi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha nyonga, miguu na mapengo. Jaribio moja la sekunde nne anaweza kulirudia mpaka amewapitia watu wake wote watano mmoja mmoja. Anachokitafuta kwanza ni hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza ya mtu wa mstari ni fupi mno, kama sentimita kumi na tano. Mgeni angetarajia mtu mkubwa hivyo arukie mbele kwa nguvu. Lakini mpinzani yupo umbali wa mkono, na mgongano unakuja upesi kuliko mguu mrefu unavyoweza kutua. Anayepiga hatua ndefu anakutwa na dafrao akiwa kwenye mguu mmoja, na hakuna mtu wa mguu mmoja anayesukuma kitu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni fupi na ya kuelekeza tu, kwa pembe ambayo kocha anaihesabu kwa upana wa kiatu. Hatua ya pili ndiyo inayotua wakati mikono inafika kifuani mwa mpinzani. Mikono iingie kwa ndani, gumba zikielekea juu, viwiko karibu na mbavu. Ikienda nje inashika nguo ya mtu, na refa yupo hapo kuiona. Makalio yawe chini, mgongo uwe umenyooka, na nguvu itoke kwenye mapaja kupanda juu. Katika mchezo huu, kati ya watu wawili wenye nguvu sawa, aliye chini ndiye anayeshinda.

Vifaa vya kufundishia haya yote havina makuu, na fundi yeyote wa kuchomelea angeviunda kwa siku moja. Kuna kibanda cha chuma chenye paa la chini: wachezaji wanajipanga chini yake na kutoka mbio, na anayeinuka mapema kofia yake inagonga bomba na wenzake wote wanasikia. Kuna ubao unaolazwa chini kati ya miguu, ili miguu isije ikakaribiana mtu anaposukuma. Akiukanyaga amejua kosa lake bila kuambiwa. Kuna mkokoteni wenye magodoro ya kusukumwa. Basi. Kinachobaki ni kurudia, na aliyewahi kufundisha watoto kusoma anajua kurudia ni kazi ya namna gani: mwalimu akichoka kabla ya mwanafunzi, somo limekufa.

Scarnecchia hakuchoka. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1948, akawahi kutumikia jeshi la akiba la wanamaji wa Marekani, na akafundisha vyuoni kabla ya kujiunga na Patriots mwaka 1982. Ukiondoa miaka miwili aliyoitumikia Indianapolis Colts, alibaki pale hadi alipostaafu mara ya kwanza baada ya msimu wa 2013. Makocha wakuu walikuja na kuondoka, naye akabaki, akihamishwa huku na huku: wachezaji wa kazi maalumu, walinzi, na kuanzia 1999 mstari wa mashambulizi moja kwa moja. Huko kuzungushwa naona kulimfaa. Mtu aliyewahi kukaa upande wa ulinzi anajua adui anatafuta nini, na atamfundisha gadi wake kukificha.

Mfano wa ualimu wake ninaoupenda kuliko wote ni Stephen Neal. Huyu alikuwa mwanamieleka. Mwaka 1999 alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani, akimshinda kwenye fainali Brock Lesnar ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa mieleka ya televisheni, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mieleka. Futiboli hakuicheza chuoni hata mechi moja. Patriots walimchukua mwaka 2001, na baada ya miaka ya kujifunza na kuuguza majeraha akawa gadi wa kulia wa kutegemewa katika timu ya mabingwa, akacheza hadi 2010. Mwanamieleka anakuja na vitu viwili ambavyo kocha wa mstari hawezi kumnunulia mtu: anajua kukaa chini, na anajua kumsikia mpinzani kwa mikono. Yaliyobaki yalikuwa ya kufundishwa, na yalikuwa mengi sana. Mtu aliyezoea kupambana na mmoja, ndani ya duara, alipaswa kufundishwa kwamba sasa nyonga yake ni ya jirani yake pia.

Shaq Mason alikuja na upungufu wa aina nyingine. Chuo chake, Georgia Tech, kilicheza mtindo wa zamani ambao mpira unakimbizwa karibu kila jaribio. Kusukuma mbele alikujua barabara. Kurudi nyuma na kumkinga kotabeki, kazi inayotaka utulivu na subira, alikuwa hajaifanya kwa kiwango cha kutosha. Patriots walimchagua katika raundi ya nne ya uteuzi wa wachezaji wa vyuo mwaka 2015. Kwa hiyo mwalimu wake wa kwanza katika ligi hakuwa Scarnecchia. Alikuwa DeGuglielmo, na alimpokea katika msimu mbaya kuliko wote wa kufundishia.

Tuutazame msimu huo kwa haki. Mapema Oktoba 2015 takeli wa kushoto, Nate Solder, alichanika msuli wa mkono na msimu wake ukaishia hapo. Nafasi hiyo ndiyo inayolinda upande ambao kotabeki wa mkono wa kulia hauoni. Sebastian Vollmer akahamishwa kutoka kulia kuja kushoto, na kulia akawekwa Marcus Cannon. Katikati kulikuwa na chipukizi watatu wa mwaka huohuo: Mason, Tre' Jackson, na David Andrews, senta ambaye hakuna timu iliyokuwa imemchagua. Wabeba mpira nao wakaumia: Dion Lewis aliharibika goti mwezi Novemba, LeGarrette Blount akatolewa na nyonga mwezi Desemba. Ikabidi Patriots wamwite Steven Jackson, mkongwe wa miaka 32 aliyekuwa amekaa nyumbani msimu mzima.

Na mratibu wa mashambulizi, Josh McDaniels, akafanya ambalo mtu mwenye akili angefanya akiwa na Brady: akaacha kukimbia, akarusha. Brady alirusha pasi 624 msimu ule. Patriots wakamaliza nafasi ya 30 kati ya timu 32 kwa yadi za mbio. Katika ile mechi ya Denver walirusha mara 56 na kukimbia mara 17. Sasa, mchezo wa mbio ni kama chuma. Usipotumika unashika kutu. Gadi anayerudi nyuma kukinga majaribio arobaini mfululizo hawezi kuambiwa ghafla, kwenye baridi ya Januari, asukume mbele kama mtu aliyekuwa akisukuma tangu Septemba. Na mlinzi anayejua kwamba mbio hazipo hana tena sababu ya kusitasita: Von Miller alimvamia Brady kwa kasi yote, akamwangusha mara mbili na nusu kwa hesabu rasmi, na akanasa pasi moja.

Kulikuwa na jambo jingine dogo, na kwa mtu anayependa ufundi ndilo linaloumiza. Uwanja wa Denver una kelele. Senta hawezi kumsikia kotabeki, kwa hiyo timu ngeni hutumia hesabu ya kimya: gadi anageuza shingo kumtazama kotabeki, anampa senta ishara, senta anatikisa kichwa, na baada ya kitambo kilichokubaliwa mpira unatoka. Senta siku hiyo alikuwa Bryan Stork. DeMarcus Ware wa Broncos alieleza baadaye kwamba walikuwa wameigundua ile hesabu kutokana na kichwa cha Stork. Fikiria maana yake. Faida pekee aliyonayo mtu wa mstari dhidi ya mlinzi mwepesi kuliko yeye ni kujua wakati wa kuanza, na faida hiyo ilikuwa imegawiwa bure kwa wapinzani kila jaribio.

Hapo, naam, kocha wa mstari ana kesi ya kujibu. Kubadilisha mpigo wa kichwa ni kazi yake, na kama hesabu moja inarudiwa bila kubadilishwa ni yeye anayepaswa kuliona. Pia alikuwa na tabia ya kuwazungusha watu wake ndani ya mechi, huyu atoke yule aingie, hasa wale chipukizi wa katikati. Mstari unaozungushwa unachelewa kujenga lile sikio la nyonga nililolieleza. Hayo mawili nayaandika kwenye hesabu yake. Lakini katika mechi hiyohiyo, mpiga teke wa Patriots, Stephen Gostkowski, alikosa mapema pointi moja ya nyongeza, ile inayopigwa baada ya timu kuingiza mpira. Ndiyo iliyowalazimisha mwishoni, baada ya Rob Gronkowski kudaka pasi ya Brady na kuingiza mpira zikiwa zimebaki sekunde 12, watafute pointi mbili badala ya moja. Wakazikosa. Teke lile lingeingia, mechi ingekwenda muda wa ziada, na pengine DeGuglielmo asingefukuzwa wiki ile.

Wanaosema Scarnecchia asingeruhusu aibu kama ile wamesahau Februari 2008. Patriots walikuwa wamecheza msimu wa kawaida bila kufungwa, mechi 16, na mstari wao ulikuwa wa watu aliowalea mwenyewe: Matt Light, Logan Mankins, Dan Koppen, Neal. Kwenye Super Bowl wakakutana na New York Giants. Brady akaangushwa mara tano. Timu ikakimbia yadi 45, moja tu zaidi ya zile za Denver miaka minane baadaye. Wakafungwa 17 kwa 14, na ubingwa usio na doa ukapotea. Hakuna aliyemfukuza mtu. Sithubutu kusema walikosea kumbakiza. Nasema vipimo vilikuwa vilevile, hukumu ikawa mbili.

Aliporudi 2016, Scarnecchia hakuleta mtindo mpya wa kucheza. Solder alikuwa amepona. Joe Thuney, chipukizi wa raundi ya tatu, akapewa nafasi ya gadi wa kushoto na akaanza kila mechi ya msimu. Andrews senta, Mason gadi wa kulia, Cannon takeli wa kulia. Watano hao wakaachwa wacheze pamoja karibu msimu mzima, na kibanda cha chuma kikarudi kufanya kazi yake. Blount, ambaye nyonga ilikuwa imepona, akakimbia yadi 1,161 na kuingiza mpira mara 18, rekodi ya timu. Cannon, yuleyule aliyechezewa na Miller kule Denver, akatajwa na waandishi wa habari katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Katika hayo ninalolistaajabia zaidi ni Cannon. Chipukizi akifundishika ni kawaida. Cannon alikuwa ameshakaa misimu mitano katika ligi, akiwa na tabia zilizokomaa mwilini, na tabia za miguu ni ngumu kuvunja kuliko za ulimi. Kumchukua mtu wa namna hiyo baada ya siku mbaya kuliko zote za maisha yake ya uchezaji, umrudishe kwenye hatua ya sentimita kumi na tano bila kumvunja moyo, ni kazi inayotaka ukali na upole kwa kipimo ambacho hakiandikwi kwenye kitabu chochote cha makocha.

Miaka miwili baadaye ndipo ulipoonekana mchezo wa mbio hasa. Solder alikuwa ameondoka kwenda Giants kwa mkataba wa dola milioni 62, na nafasi yake akapewa Trent Brown, aliyekuwa takeli wa kulia kule San Francisco. Katika mechi tatu za mtoano za msimu wa 2018, chipukizi Sony Michel alikimbia yadi 336 na kuingiza mpira mara sita. Brady aliangushwa mara moja tu katika mechi hizo zote. Kule Kansas City, kwenye kelele zisizo pungufu ya zile za Denver, hakuguswa kwa kuangushwa hata mara moja, na Patriots wakashinda katika muda wa ziada. Wiki chache baadaye Brown akasajiliwa na Raiders kwa dola milioni 66. Wakuu wa timu nyingine walikuwa wanamnunua mwanafunzi wakidhani watapata na somo.

Hata hapo siwezi kumpa Scarnecchia sifa yote. Gronkowski, aliyejulikana kwa kudaka, mwaka ule alikuwa akisukuma kama mtu wa sita wa mstari, na James Develin, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya mbeba mpira na kugongana na lainibeka, hakuna aliyekuwa akimtaja. McDaniels naye, mratibu yuleyule wa 2015, safari hii alichagua kukimbia na akaendelea kukimbia hata yadi zilipokuwa chache. Mchezo wa mbio una baba wengi, ukiwa mzuri na ukiwa mbaya.

DeGuglielmo alipata kazi Indianapolis mwaka huohuo wa 2018. Mstari wake uliruhusu kotabeki kuangushwa mara 18 msimu mzima, idadi ndogo kuliko timu zote za ligi. Januari iliyofuata akafukuzwa tena. Alikuwa na chipukizi wa pekee, Quenton Nelson, na wapo waliosema ni Nelson aliyefanya kazi, kocha alikuwa abiria tu. Inawezekana. Ila nashangaa kwamba mstari ukivunjika hakuna anayesema kocha alikuwa abiria.

Scarnecchia alistaafu kabisa Januari 2020, akiwa na pete tano, na mwaka 2023 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa Patriots. Msimu wa kwanza bila yeye, timu ilishika nafasi ya nne katika ligi kwa yadi za mbio, ikiwa imemkosa pia Brady na ikiwa na kotabeki mwenye miguu, Cam Newton. Thuney, Andrews na Mason walikuwa bado pale, na hatua zao fupi. Kisha Thuney akaenda Kansas City mwaka 2021, Mason akapelekwa Tampa Bay mwaka 2022, na kocha mkuu, Bill Belichick, akamkabidhi Matt Patricia, mtu aliyejijengea jina katika ulinzi, kazi ya mstari pamoja na kuchagua majaribio. Msimu ulipoharibika mashabiki wa New England walimtaka Patricia aondoke, na safari hii nilikuwa upande wao. Februari 2023 Thuney alivaa pete nyingine ya ubingwa, akiwa na Kansas City.